Kadi ya Ubaid

Nusu ya wanawake waliozaa Mji wa Kale miaka ile walipitia mikononi mwa Swabaha. Yeye ndiye aliyewakanda kwa maji ya moto, akawafunga mkaja tumboni na kuwanywesha uji wa pilipili manga mpaka arobaini ikaisha. Mikono yake ilijua kazi na ulimi wake ulijua kuchoma, na watu waliuvumilia ulimi kwa ajili ya mikono. Sasa, mwaka wa tisini na sita, binti yake wa pekee, Fairuz, alikuwa na mimba ya kwanza huko Toronto alikoolewa. Swabaha aliapa kwamba tumbo lile halitafungwa na mtu mwingine.

Kikwazo kilikuwa Ubaid, nduguye mdogo.

Ubaid alikuwa karani wa kampuni moja ya mizigo Shimanzi, na kampuni ilimtuma London mara kwa mara. Huko akapata kadi ya shirika la ndege ya kukusanyia pointi za safari, ya buluu, jina lake limechapwa kwa herufi za kuvimba, na tangu hapo hakuwa na habari nyingine. Alikwenda nayo mazikoni. Aliivaa katika mfuko wa shati, nusu nje, kusudi ionekane. Hapakuwa tena na mtu wa ukoo aliyeruhusiwa kupanda ndege za shirika jingine. Shangazi yao alikwenda Maka kwa kuzungushwa Ulaya kwanza, akalala kwenye viti vya uwanja wa ndege mpaka miguu ikamfura. Kila msafiri aliagizwa ataje namba ya Ubaid kaunta.

"Ni kama mchango wa harusi," alisema. "Kila mtu atia chake, na siku moja mmoja wetu avuka Atlantiki bure."

Na watu wazima wenye akili zao wakaitikia. Swabaha naye aliitikia, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Dada, usikate tikiti," Ubaid alimwambia mimba ilipokuwa kubwa. "Pointi ziko tele. Twangojea msimu wao wa kutoa tikiti za bure tu."

Wakangoja msimu. Fairuz akajifungua mtoto wa kiume, akapiga simu akilia kwamba mgongo unamuuma na hana hata wa kumchemshia uji. Swabaha akavaa buibui, akamkamata Ubaid mkono kama mtoto mtoro wa chuoni, akampeleka mpaka ofisi ya shirika hilo mjini.

Mirriam, msichana wa kaunta, aliwasikiliza kwa adabu. "Mama, pointi ni za yule aliyekaa kwenye kiti. Za jamaa zenu hazikuingia kabisa. Na za Bwana Ubaid mwenyewe..." Akamgeukia. "Si nilikueleza yote haya mwaka jana, ulipozimaliza kwa kuhamia viti vya mbele?"

Ubaid akajikuna shingo.

"Kule mbele wana bilauri za kioo, Dada," alisema. "Si za plastiki."

Swabaha alimdharau mpaka akakosa tusi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alitoka, akauza vikuku vyake vya harusi kwa sonara, akakata tikiti ya shirika jingine, la kwanza lililokuwa na nafasi.

Uwanjani Ubaid alikuja kumuaga, hana haya hata kidogo, kadi mkononi.

"Wajaribu hawa, Dada. Huenda wakazihesabu. Ndia ndefu hii, pointi zitapotea bure."

Swabaha akaichukua, akaitia mkobani. Ubaid akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Alifika Toronto arobaini imeshakwenda nusu. Fairuz alikuwa amekonda, amejikunja kitandani, hajui hata amshikeje mtoto. Swabaha hakulia, alichemsha maji. Alimkanda, akamfunga mkaja, akachanganya liwa, ule msandali wa kusagwa, ya kumpaka mgongoni. Ikashika bakulini, na jikoni mle hamkuwa na cha kuikwangulia ila visu vitupu. Ndipo akakumbuka kadi. Ilikwangua vizuri ajabu, na alipompakia nayo mgongoni, kingo zake zilikuwa laini, hazikuumiza ngozi.

Jumapili Ubaid alipiga simu. Hakuuliza hali ya mzazi wala jina la mtoto.

"Dada, ile kadi iko?"

"Iko," Swabaha alijibu, akiifuta liwa kwa pindo la leso. "Na huku ndiko nilikoiona ikifanya kazi."