Let Mi Sii

Capitoline alikuwa na tumaini moja tu: ufadhili wa kusomea uuguzi ng'ambo. Kati yake na chuo palisimama mtihani wa kuzungumza Kiingereza, na mwaka huo ndipo umri wa kuomba ulipokuwa unamwishia. Akishindwa, ni kambini mpaka Mungu aamue vingine.

Mzee Gervasi, mkimbizi mwenzake aliyekuwa mwalimu kwao Burundi kabla ya vita, ndiye aliyemnoa.

"Mwanangu, ukikwama usikae kimya, watakukata alama. Wenyewe wakikwama wanasema wel, wanasema let mi sii, yaani hebu nione. Hakuna wanachokiona! Wanavuta muda tu."

Mtihani gani huo, unaompa mtu alama kwa kuvuta muda! Lakini Capitoline aliushika ushauri kwa mikono miwili. Jirani yake Leonia alipomwuliza bombani kama ndoo imejaa, alijibiwa, "Wel, let mi sii," na foleni nzima ikaangua kicheko. Kufikia masika maneno yalikuwa yakimtoka yenyewe, kama aliyezaliwa nayo.

Akapewa kibali cha kutoka kambini, akashuka Kigoma mjini. Katika chumba kimoja huko Katubuka, mtahini, mama mwenye sura ya upole, alimwuliza anapenda chakula gani. Wel, let mi sii: ugali kwa samaki aina ya mgebuka. Mtahini akatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, maskini.

Swali la mwisho lilimtaka aieleze nyumba aliyokulia.

"Let mi sii," alisema Capitoline, laini kabisa.

Akaona. Aliona mlango wao umelala uani, na yeye mtoto mdogo chini ya mibuni, mama amemkandamiza kifuani akimnong'oneza, "Hora, hora," nyamaza mwanangu, nyamaza, huku kaka zake wakilia ndani. Siku ile kunyamaza ndiko kulikomponya. Sasa alinyamaza vilevile. Mtahini alisubiri, akamtia moyo, akasubiri tena, kisha akazima kinasa sauti.

Matokeo yalipofika kambini, Mzee Gervasi aliyasoma mara mbili: ameshindwa, swali la mwisho hakujibu neno. Uchungu ukamshinda.

"Hata let mi sii, Capitoline? Hata hilo lilikushinda kusema?"

"Nilisema, mwalimu," alijibu, macho yapo chini. "Ndipo nikaona."