Sauti ya Baba Mjini Mbale

Shangazi Mwanaisha bado hututumia malewa kutoka Mbale, Uganda, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Nikifungua mfuko, harufu ya kuni na mvua hunirudisha kwenye barabara ile, na mpaka leo uso hunichoma.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitutoa Mombasa, mimi na mdogo wangu Twaha, kwenda kumtembelea shangazi, aliyekuwa ameolewa Namatala, mtaa wa huko Mbale. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alituimbia njia nzima, kana kwamba tunabeba dawa. Mama mkwe wa shangazi tuliambiwa tumwite Kukhu, yaani bibi kwa Kimasaba. Twaha alisikia "kuku", akacheka hadi akafinywa. Kukhu alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, na kila tulipodhani tumemaliza kula alituongezea ndizi sahanini. Baba akimsemesha Kiswahili, aliitikia kwa kichwa huku akitazama chini. Tulidhani haelewi.

Siku ya pili alitusindikiza sokoni. Jamani, mji ule! Kwetu pia kuna vurugu, lakini vurugu za kwetu nilizizoea. Hapa pikipiki zilichomoka kila upande, moja imebeba kitanda, nyingine mbuzi aliyetulia kama abiria aliyelipa nauli. Spika za maduka zilishindana kupiga kelele. Watu waliitana kwa lugha ambazo sikuambulia hata neno. Nilimshika Kukhu kitenge kwa mikono miwili, mimi niliyekuwa nimewatambia wenzangu shuleni kwamba naenda Uganda.

Mara Twaha akaona vibanda vya mipira upande wa pili, akatoka mbio.

Baba alikuwa refa. Uwanjani hakuhitaji hata kipenga.

"Simama! Wewe, simama hapo hapo!"

Twaha akasimama. Pikipiki ikampita karibu imguse shati. Lakini Kukhu naye alisimama. Kikapu kilimponyoka, vitunguu vikabingirika barabarani. Akainua mikono juu, kisha akapiga magoti kwenye matope.

"Bwana hapana iko, afande," alisema kwa Kiswahili, macho kwenye viatu vya baba. "Iko mimi na watoto tu. Bwana hapana iko."

Ndipo nikaona kitenge chake kinalowa.

Watu wakajaa. Mwendesha pikipiki mmoja akamkemea baba: "Wewe afande ya wapi? Natisha mzee bure!"

Baba akachuchumaa mbele ya Kukhu. "Si wewe, mama. Nilikuwa namwita mtoto. Samahani, mama. Samahani sana."

Kadiri alivyosema ndivyo Kukhu alivyozidi kujikunyata. Mwishowe baba akanyamaza, akavua koti, akamwekea mapajani. Muuza ndizi mmoja, mwanamke mnene, akaja kumwinua kwa maneno ya Kimasaba, polepole, kama anayemwamsha mtoto. Na mimi? Nilikuwa nimeshakiachia kitenge na kurudi nyuma, nikasimama karibu na duka la sufuria, ili watu wasijue kwamba bibi yule ni wetu.

Tulipoondoka Mbale, Kukhu alitushika mikono sote, hata baba, ingawa usoni hakumtazama. Kutoka hapo tulikwenda Jinja kuuona mto. Waendesha pikipiki walipotuzingira, baba alionyesha njia kwa kidole na bei kwa vidole, mdomo ameufunga. Nikaona aibu tena, kwamba baba yangu amegeuka bubu mbele za watu.

Nilikuwa mtu mzima shangazi aliponieleza. Zamani, nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi, walifika kwa Kukhu wakiamrisha kwa Kiswahili. Alipiga magoti mlangoni akawaambia mumewe hayupo. Mumewe alikuwa uvunguni. Walimtoa, wakaondoka naye, na hakurudi tena.

Lugha hii mimi nilibembelezwa nayo. Utotoni nilidhani aibu ya siku ile ilikuwa ni kile kitenge kulowa sokoni. Sasa ninayemwona ni baba, amechuchumaa kwenye matope, anatafuta neno la kumtuliza mama wa watu, na kila neno alilo nalo, hata la kuomba radhi, ni la Kiswahili.