Fundi Anayesikiliza Friji

Fundi wa friji wa hapa Rhonda haanzi kazi kwa bisibisi. Huinama, akaweka sikio kwenye mota, akafumba macho, kisha akatoa habari kwa sauti ya matanga. Sijasikia friji iliyopona mikononi mwake, na zote zilizokufa alizibeba yeye. Jana alikuja kuangalia ile ambamo mama huweka maziwa ya kuuza.

“Pole, mathe. Hii imeenda. Tafuta ingine, hii nikuondolee bure.” Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuviringisha waya.

“Wacha tu ikae,” mama akamjibu. “Nitaifanya kabati ya unga.”

Vidole vikasimama. Fundi akainama tena, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi.

“Ngoja kwanza, mathe,” akasema. “Ni kama inapumua.”