Povu la Sabuni ya Jirani

Juzi, katika mtaa wa Mulekera, nilipita kando ya mtaro uliochimbwa kutafuta bomba la choo lililopasuka. Harufu ya kinyesi iliyochanganyika na sabuni ya kunukia ilinirudisha Butembo, kwenye ua wetu, mchana mmoja wa utotoni.

Mama alikuwa mtaroni na jembe, akitafuta bomba letu la choo lililopasuka. Maji machafu yalikuwa yameua lengalenga zake, mboga zilizotulisha. Jirani yetu wa juu mlimani, afisa wa serikali aliyeletwa kutoka jimbo lingine, alisimama ukingoni na kitambaa puani.

"Batu ya huku munapenda buchafu! Tengeneza, mama, sinon nitakupeleka bureau ya serikali."

Mama aliendelea kuchimba bila kuinua macho. Nilidhani anaona aibu.

Bomba lilipoonekana, povu jeupe lilitiririka likinukia maua. Nilifurahi, maana sisi tulioga kwa sabuni ya kufulia.

"Mama, tuko na sabuni ya bakubwa!"

Alilifuata povu kwa jembe mpaka kwenye bomba la pili, lililounganishwa na letu kwa siri. Lilishuka kutoka kwa afisa. Bomba letu jembamba lilipasuka kwa kubeba uchafu wa nyumba mbili.

"Chef, hii ni ya kwako."

"Donc? Mayi hapana panda mulima, mama." Akacheka, akaondoka.

Kicheko kile bado kinanichemsha damu. Mama alilichomoa bomba la afisa, akalishindilia matambara na udongo mpaka likaziba kabisa.

"Leo mayi itapanda," alisema.

Pale Mulekera nilimwuliza mwenye ua uliochimbwa kama sabuni ile ni yake. Alitazama ukuta wa jirani wa juu, kisha akaokota jembe.