Yusta Singano na swali lililomshinda jukwaani

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mabati ya soko la Lushoto, na Yusta Singano anakaza uzi kwenye kisigino cha kiatu cha shule huku akimsikiliza Asha Shekalaghe akijitambulisha kwa mara ya nne.

"Ndugu majaji, mgeni rasmi, mabibi na mabwana, awali ya yote napenda kuchukua fursa hii..."

"Hapana," anasema Yusta bila kuinua macho. "Hapo unasoma taarifa ya habari. Wewe unatengeneza nini?"

"Mikanda, dada."

"Basi waambie unatengeneza mikanda."

Washiriki wenzake Asha wanacheka. Asha naye anacheka, anafuta jasho lisilokuwepo, kisha anaanza upya.

Asha ana miaka 24 na ametoka Bumbuli. Baada ya wiki mbili atapanda jukwaani kwa mara ya kwanza kuwania taji la Fundi Bora wa Ngozi, shindano linaloandaliwa kila mwaka na umoja wa mafundi wa ngozi wa milima hii. Washiriki wengine wapya watano wameketi kwenye ndoo zilizogeuzwa na magogo mbele ya kibanda cha Yusta, kila mmoja na kazi yake mapajani: pochi, makubazi, ala ya panga, begi la vitabu.

Yusta, mwenye miaka 38, alilitwaa taji hilo mwaka 2023. Tangu hapo, kila shindano linapokaribia, huwaita wageni wa jukwaa na kuwafundisha bila malipo.

Shindano lina sehemu tatu. Mshiriki huleta kazi aliyoitengeneza nyumbani. Kisha hupewa kiatu kibovu kwa kura na kukifufua ndani ya saa moja mbele ya watu. Mwisho husimama na kujibu maswali ya majaji.

"Sehemu ya tatu ndiyo inayoangusha wengi," anasema. "Fundi anaweza kushona usimwone anapokosea, lakini ukimwambia ajieleze, anaangalia viatu vyake."

Ushauri wake hauna mapambo. Njoo na mkasi wako mwenyewe, wa kuazima utakuangusha. Kunywa chai kabla, maana mkono wenye njaa hutetemeka. Usiseme vibaya kazi ya mwenzako hata jaji akikuchokoza. Ukishindwa, baki ukumbini umpigie makofi aliyeshinda, usikimbilie gari.

"Na lile sio taji la kuvaa ukapiga picha," anamwambia Asha. "Ni mwaka mzima wa kazi. Utaitwa shuleni kushona viatu vya watoto, utaitwa kwenye vikundi vya akina mama. Kama hutaki kuitwa, usigombee."

Baada ya hapo anaweka kiatu chini. Kuna jambo moja, anasema, ambalo hawezi kumfundisha mtu akiwa ameinamia kazi.

"Watakuuliza nani alikufundisha. Jibu ukweli. Mimi sikujibu."

Yusta alizaliwa Gare, mtoto wa tatu wa Kristian na Efrazia Singano. Mama alilima maharage na kabichi. Baba alishuka Mombo kila Jumatatu na kurudi Jumamosi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa barabarani: alishona viatu na mabegi ya abiria wakati mabasi yakisimama ili watu wapate chakula.

Alipofika darasa la tano, Yusta alianza kumfuata baba yake wakati wa likizo. Ni huko alikojifunza kufanya haraka. Abiria hushuka na ndala iliyokatika, na dereva hakai zaidi ya robo saa.

"Basi likipiga honi na wewe hujamaliza, mtu anaondoka na kiatu kimoja," anasema Yusta. "Baba hakuwahi kumwachia mtu aondoke hivyo. Hata mara moja."

Mwaka 2021 alijiandikisha kwenye shindano. Tayari alikuwa na kibanda chake Lushoto, kwenye nafasi aliyopewa na Mwanahamisi, muuza karoti aliyesogeza meza yake ili jirani apate pa kukaa. Alileta begi la mkononi lililomchukua wiki tatu.

Ukumbini alikuta mambo aliyokuwa hajayategemea. Mshiriki aliyemtangulia alisema amesoma Dar es Salaam. Mwingine alivaa kitambulisho cha mafunzo shingoni. Ilipofika zamu yake, jaji, mama mmoja mpole, akamuuliza: "Mwalimu wako ni nani?"

Yusta alimwona baba yake nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa ameacha kazi Mombo siku hiyo na kupanda gari la mlimani kuja kumtazama.

"Nilisoma chuo, Tanga," alijibu.

Tanga alikuwa amekaa wiki mbili tu, kwenye semina ya kupaka rangi ngozi.

"Neno lilitoka lenyewe," anasema, na sauti yake inashuka. "Niliona watu wana vyuo, mimi nina baba na sanduku lake kando ya barabara. Nikaona aibu. Nikamwonea aibu mtu aliyeninunulia daftari kwa kushona ndala."

Hakuwa hata katika watano bora. Baba yake alimsubiri nje, akambebea begi mpaka stendi. Njiani alilitazama, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Chuo kimekufundisha vizuri," akasema. Kisha akapanda gari la Mombo.

Kwa siku kadhaa Yusta hakufungua kibanda. Mwanahamisi alipomuuliza kama anaumwa, alimweleza yote. "Aliniambia, sasa unanilalamikia mimi ya nini, mimi ndiye baba yako? Panda gari uende. Mpaka leo namshukuru."

Alishuka Mombo Jumanne. Alimkuta baba yake akishona mkanda wa begi. Akamwamkia, akaketi pembeni, akachukua kiatu kilichokuwa kikisubiri na kuanza kazi. Walishona hivyo mpaka mchana, mabasi yakija na kuondoka, bila yeyote kutaja shindano.

Wakati wa kula, Yusta alishika mikono ya baba yake na kuomba radhi. Alilia. Mzee Kristian alimwacha amalize, kisha akamjibu kwa Kishambaa, lugha yao ya nyumbani, maneno ambayo Yusta anayaeleza hivi:

"Mwanangu, sikupanda kule kusikia jina langu. Nilipanda kuona kama umepaka nta kwenye uzi. Hukupaka."

Ilikuwa kweli. Kwa kuharakisha kumalizia begi lile, alitumia uzi mkavu, na majaji walikuwa wameona mishono ikianza kulegea pembeni.

"Nilicheka huku machozi yanatoka," anasema. "Nilikuwa nimemkana mbele ya ukumbi mzima, na yeye anawaza nta."

Mzee Kristian Singano sasa ana miaka 69, na bado anakaa palepale Mombo. Mwandishi wa makala haya alimkuta akiwa amebana kiatu cha mwanajeshi katikati ya magoti. Kwa siku nzuri hupata kama shilingi elfu kumi na tano, kwa siku mbaya hata nauli ya kwenda Gare haifiki.

Aliumia siku ile?

"Niliumia," anajibu bila kuzunguka. "Nisikudanganye. Ila nilijiuliza, mimi nilipokuwa na umri wake nilimtaja nani? Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, marehemu Silvano, na sijawahi kumwambia mtu yeyote mpaka mtoto huyu alipokuja kuniomba msamaha." Basi linapiga honi. Anamkabidhi mwanamke mmoja kandambili zake, anapokea sarafu, kisha anaendelea. "Kwa hiyo na mimi nilipata somo langu."

Yusta aligombea tena mwaka 2023. Safari hii alileta makubazi ya kawaida, mishono yake imepakwa nta mpaka inang'aa. Kura ilimpa buti la mvua lililopasuka soli, akalimaliza zikiwa zimebaki dakika ishirini. Swali lilipokuja, alisimama wima.

"Nilisema, nimefundishwa na Kristian Singano, fundi viatu wa Mombo, anakaa pale mabasi yanaposimama. Ukipita na kiatu kibovu, mwone. Watu wakapiga makofi. Baadaye mzee mmoja akanifuata, akaniambia, huyo alinishonea kiatu nikienda msibani Moshi, hakunichaji."

Baba yake hakuwepo. Ilikuwa siku ya kuelekea Pasaka, na mabasi yalikuwa hayahesabiki. Kesho yake Yusta alimpelekea alama ya ushindi: mkanda mpana wa ngozi wenye kifungo cha shaba, ambao mshindi hukaa nao mwaka mmoja kisha humkabidhi anayefuata.

Mzee aliupokea, akaugeuza, akaona uzi wa kwenye kifungo umelegea. Akatoa sindano, akaushona upya palepale, akaurudisha. "Sasa uvae," akasema.

"Wote waliovaa baada yangu wamevaa mishono yake," anasema Yusta. "Hawajui. Ila mimi najua, na kila ukikabidhiwa mtu namshukuru Mungu kimoyomoyo."

Kibandani, Asha amesimama tena. Safari hii mikono yake imetulia. Anasema anatengeneza mikanda, anasema inadumu, kisha anaongeza kuwa amefundishwa na mama yake wa kambo, Secilia, ambaye hawakuelewana naye kwa miaka mingi.

"Hajui kama nitamtaja," anasema kwa sauti ndogo.

"Mwalike aje," anamjibu Yusta.

Yeye mwenyewe ana mpango mwingine. Mwezi uliopita aliuomba umoja wa mafundi ulete shindano la mwakani Mombo, siku ya katikati ya wiki ambapo mabasi ni machache. Anasema mafundi wengi wa bondeni hawagombei kwa sababu hawawezi kupoteza kipato cha siku nzima. Viongozi wamekubali.

Wa kwanza aliyemchukulia fomu ni baba yake. Mzee alikataa. Alisema hawezi kuacha kigoda chake, abiria watamkosa.

"Nikamwambia, baba, siku hiyo nitakikalia mimi. Wewe nenda ukashindane, mimi nitashona ndala za watu wako mpaka urudi."

Mzee alifikiri kwa siku tatu, kisha akampigia simu binti yake.

"Amekubali," anasema Yusta, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka kwa sauti. "Ila amenipa sharti. Nisiwapandishie bei."