Samli Kwenye Kichupa cha Damu

Siku ya kwanza Wanjira kumuuzia Mzee Mabruki samli, mwaka 1971, mzee alimkalisha saa nzima. Aliiyeyusha kijikoni, akaiacha igande, akaikagua kama itajitenga matabaka. Haikujitenga. Wakavutana bei mpaka wote wawili wakacheka. Tangu hapo Wanjira akawa anamletea mkebe kila mwezi kutoka Muthangari hadi dukani kwa mzee mjini, alikoshona kofia. Majirani wa mzee nao wakawa wateja.

Mwaka uliofuata Mabruki akamjia juu.

"Bibi wee, umenilisha mafuta ya kukaangia! Leo hospitalini wamenitoa damu, na tangu jana sijatia kitu mdomoni. Imetulia kichupani, juu imefanya utando mweupe kama maziwa. Samli safi haijitengi!"

"Mzee, hiyo ni damu, si samli."

Lakini wateja wawili walikuwa wamesikia, na jina la biashara likichafuka, machozi hayalisafishi. Wanjira akamdadisi. Kwamba mzee ana kisukari na humeza vidonge, alijua. Kwamba daktari alitaka ahamie sindano naye akakataa, hilo lilikuwa geni.

"Sindano ni ya watu wanaokata roho," alisema Mabruki.

"Basi tupatane. Mwezi mmoja usile samli yangu wala ya mtu. Damu ikitoka safi, nitakiri mbele ya wateja wote. Ikitoka nyeupe, utakiri wewe, na sindano utachomwa. Majibu twende tukayasikie pamoja, usije ukaniletea yako."

Mwezi ukaisha, wakapanda hospitalini, Upper Hill. Utando ulikuwa umepungua, lakini ulikuwepo.

"Umeona? Umepungua!" Mabruki akamrukia.

Daktari akawanyamazisha. "Samli huongeza, ndiyo. Lakini mwili wako umepungukiwa insulini, na bila hiyo mafuta yanarundikana damuni. Vidonge vimeshindwa. Sindano itashusha sukari, na mafuta haya yatashuka pamoja nayo."

"Amesema samli huongeza!"

"Samli yoyote, mzee," Wanjira akamjibu. "Hata ya mama yako."

 Mabruki akakunja mkono wa kanzu, achomwe sindano.

Baada ya miezi miwili damu yake ilitulia kichupani, na maji ya juu yakawa maangavu. Akasimama mlangoni pa duka, akawaambia majirani, kwa shingo upande, "Samli ya huyu mama ni safi. Ni mimi tu niliyekatazwa."

Majirani wakarudi kununua. Mabruki akabaki na sindano ya kila alfajiri na wali usio na samli, lakini kofia aliendelea kushona. Wanjira alipoteza mkebe mmoja kwa mwezi, akaokoa jina lake. Angeulizwa, angesema hiyo bei ni ya haki.