Bakuli la Bi Emine

Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli nje ya mlango, nikakisikia kabla sijamwona mtu. Siku ile, mwanangu, haijanitoka. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Kilburn, London, kwa mama wa Kigiriki kutoka kisiwa cha Kupro, Kiria Eleni, yaani Bi Eleni kwa lugha yao. Kufungua, namwona jirani wa ghorofa ya juu, Bi Emine, Mturuki wa kisiwa kile kile, amebeba ngano tamu yenye zabibu na komamanga.

"Mpe Eleni. Nawe ule, umekonda kama mwavuli uliokunjwa!"

Walizaliwa kijiji kimoja, vita vikawatenganisha, wakakutana tena London uzeeni. Bi Emine alizungumza Kigiriki kama Kiria mwenyewe, lakini habari za vita hawakuzigusa. Walipitishiana bakuli tu: Mturuki akileta ngano ya sikukuu yake, Mgiriki hulirudisha na ngano ya kuwaombea marehemu wake.

Tulipomaliza ile ngano, mimi nikaliosha, likang'aa, nikalirudisha tupu bila kumwambia Kiria. Kwetu tusingefanya hivyo kamwe, lakini nilidhani Ulaya hawana mambo hayo.

Bi Emine alichungulia ndani. "Eleni amekutuma hivi?"

Nikasema ndiyo, ili yaishe.

Majuma matatu wakapishana kwenye ngazi bila salamu. Kiria akaacha hata kufungua redio. Mwishowe akaniuliza bakuli liko wapi, nikamweleza. Akaketi taratibu.

"Wee mtoto! Umemwambia nimemfukuza. Sina mwingine anayemkumbuka mama yangu."

Akachemsha ngano, akaitia kwenye bakuli lake mwenyewe. "Peleka mwenyewe. Useme kweli."

Nilisema yote pale mlangoni, macho chini. Bi Emine akaonja. "Sukari haitoshi. Bahili huyo, tangu utotoni!" Akafuta macho, akavaa viatu, akashuka nami.

Basi, mwanangu, ukiwa ugenini usiache adabu za kwenu ukidhani wenyeji hawazijui. Ukikosea, usijifiche nyuma ya uongo mdogo. Watu wawili wanaweza kuzeeka kimya kwa ajili yake. Mungu akupe majirani wa kukukaripia, na miguu ya kuwarudia.

Sasa bakuli la yule mama wa mlango wa pili, ulilotaka kulirudisha tupu, nimelitia vitumbua. Nenda nalo.

"Okay, Baba," akasema mwanangu, akalishika kwa mikono miwili, na mlango ukajifunga nyuma yake.